Paneli ya Jua Isihukumiwe Kabla ya Kupimwa

Ni jambo la kusikitisha kuona watu wa nyumba wakitoa akiba yao kununua paneli mpya ya umeme wa jua, kisha taa zikabaki hafifu kama zilivyokuwa. Siku chache zilizopita tuliitwa katika nyumba ambayo mama alikwisha tenga ada ya mwanawe kwa kazi hiyo. Tulipochunguza tuliona paneli ni nzima. Kilichoharibika ni kiungo cha waya kilichoshika kutu chini ya paa. Ada ikarudi mahali pake.

Kwa hiyo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu utaratibu wa kuitafuta kasoro.

Kwanza, itazameni paneli yenyewe. Seli zake zimeungana mfano wa pete za mnyororo. Kivuli cha tawi au kinyesi cha ndege juu ya seli moja huweza kupunguza umeme mwingi. Ifuteni asubuhi, kioo kingali baridi.

Pili, yafaa ifahamike kwamba paneli haizimwi: maadamu jua lipo, umeme umo. Ifunikeni kwa nguo nzito kabla ya kugusa viungo, na waya za paneli zitolewe kabla ya zile za betri.

Tatu, ifunueni adhuhuri, jua likiwa wazi, mpime volti paneli ikiwa haikuungwa na kitu. Paneli ya seli 36, ifaayo kwa betri ya volti 12, hutoa volti 18 hadi 22. Mkizipata nyuma ya paneli lakini mwisho wa waya hamna kitu, kosa ni la waya. Mkipata nusu tu, yamkini dayodi moja katika kisanduku cha nyuma imeungua. Aghalabu hiyo hubadilishwa kwa gharama ndogo.

Lakini msidanganywe na volti peke yake. Hata wingu likitanda, volti hukaribia kutimia. Kinachopungua sana ni ampea. Basi fundi apime ampea pia, alinganishe na kiasi kilichoandikwa nyuma ya paneli. Ikiwa jua ni kali, kioo ni safi, na ampea bado ni chache mno, hapo ndipo paneli yastahili kulaumiwa. Na kioo kilichopasuka kikaingiza maji hakina dawa.

Fundi mwaminifu hachukii kuombwa apime mbele ya mwenye nyumba. Akataaye kupima, msinunue kwake.