MIRUGI KARIUKI: Kutoka seli za Nyayo House hadi kiti cha serikali

KATIKA mji wa Nakuru, mtu akitajwa kuwa ni wa Milimani, msikilizaji huelewa mara moja. Huko juu, Menengai ikiwa kisogoni na ziwa likionekana kwa mbali, ndiko Wazungu walikojenga nyumba zenye nyua pana, na baada ya uhuru wakaingia wakuu wa serikali na matajiri. Huku chini, Bondeni, Kaptembwo, Rhonda na Langalanga, ndiko waliko wapiga kura.

Marehemu Mirugi Kariuki alifanya kazi yake ya uwakili baina ya pande hizo mbili. Msomaji kijana huenda analikumbuka jina lake kwa sababu ya ndege iliyoanguka Marsabit tu. Lakini mzee yeyote wa Nakuru aliyewahi kuvizia kesi mahakamani atakueleza habari ndefu zaidi.

Miaka ya themanini wakili wa Nakuru hakukosa kazi. Makampuni ya kununua mashamba, kama vile Ngwataniro na Ndeffo, yalikuwa na wanachama chungu nzima, na palipo na wanachama wengi na shamba moja hapakosi ugomvi. Mtu angeweza kujitajirisha kwa hati za mashamba peke yake, akapanda Milimani, akanyamaza. Wengi walifanya hivyo, wala siwalaumu. Nyakati zenyewe zilikuwa za kunyamaza.

Mwaka wa 1986 serikali ya Rais Daniel arap Moi ilianza kuwasaka watu iliowashuku kuwa wafuasi wa Mwakenya, kundi la siri lililompinga. Walimu wa chuo kikuu, wanafunzi, waandishi na wakulima walizolewa usiku. Wengi wao walifikishwa mbele ya hakimu jioni, saa ambayo watu wamekwisha kwenda zao nyumbani, wakakiri makosa bila wakili na kwenda jela. Mwishoni mwa mwaka huo Mirugi naye akachukuliwa.

Alipelekwa Nyayo House, jumba refu la serikali katikati ya Nairobi ambalo Wakenya walikwenda kutafutia pasipoti. Chini ya jumba hilo mlikuwa na seli zisizo na dirisha. Washukiwa walivuliwa nguo, wakapigwa, wakanyimwa chakula na kuachwa siku nyingi ndani ya maji. Aliyekiri alipelekwa mahakamani. Aliyekataa aliwekwa kizuizini bila kesi, kwa sheria ya usalama wa umma iliyompa waziri uwezo wa kumfungia mtu kwa sahihi tu. Mirugi aliwekwa kizuizini.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka kinyume na walivyotarajia wakubwa. Mirugi na wenzake wawili, wakili Wanyiri Kihoro na mwanahistoria Mukaru Ng'ang'a, walimtuma wakili wao, Gibson Kamau Kuria, aishtaki serikali kwa kuwatesa. Jambo hilo lilikuwa karibu na wazimu. Mfungwa aliye mikononi mwa askari anawashtaki askari hao hao! Februari 1987, kabla kesi haijasikizwa, Kuria mwenyewe alikamatwa akawekwa kizuizini hadi Desemba mwaka huo. Lakini maneno yalikuwa yamekwisha kutoka. Machi 1987, Rais Moi akiwa ziarani Marekani, magazeti ya huko yalichapisha habari za mateso ya Nyayo House, na ziara iliyokusudiwa kuwa ya shangwe ikaingia shubiri.

KESI YA UHAINI

Mirugi aliachiliwa, lakini Oktoba 1990 alikamatwa tena, na mara hii shtaka lilikuwa uhaini, ambao adhabu yake ni kifo. Walioshtakiwa pamoja naye ni Koigi wa Wamwere, aliyekuwa mbunge wa Nakuru North kabla ya kukimbilia Norway, wakili Rumba Kinuthia na wengine. Kesi hiyo ilizua balaa hata nje ya nchi. Norway ilipoonyesha kumjali Koigi, Kenya ilivunja uhusiano wa kibalozi nayo mwezi huo huo.

Mirugi alitaka kutetewa na wakili mashuhuri kutoka ng'ambo. Sheria ya mawakili ilimruhusu Mkuu wa Sheria kumkubali wakili wa aina hiyo kwa kesi moja, akipenda. Mkuu wa Sheria hakupenda. Mtu mwingine angeshukuru kuwa bado yu hai akaliacha jambo hilo. Mirugi, akiwa ndani, alikwenda kortini kuuliza kama kweli afisa wa serikali anaweza kusema "sitaki" bila kuhojiwa na yeyote.

Mahakama ya Rufani ilimwunga mkono katika rufani nambari 70 ya 1991. Majaji walisema, kwa maneno mepesi, kwamba haijalishi uwezo aliopewa afisa ni mkubwa kiasi gani. Kinachotazamwa ni kama alipoutumia aliigusa haki ya mtu. Ikiwa aliigusa, mahakama inaweza kumwuliza. Msomaji asiidharau kesi hiyo kwa kuwa ni mambo ya mawakili. Uamuzi huo umetajwa kortini mara nyingi tangu wakati huo, na mtu aliyenyimwa leseni au kufukuzwa kazini huenda ametetewa kwa kesi ya Mirugi bila kulijua jina lake.

Nje ya jela, akina mama walikuwa wamechoka kungoja. Februari 28, 1992, mama mzazi wa Koigi, Bi. Monica Wangu Wamwere, na mama wengine wa wafungwa wa kisiasa walikwenda Uhuru Park wakakataa kula hadi watoto wao waachiliwe. Profesa Wangari Maathai alikuwa pamoja nao. Polisi waliwavamia kwa marungu na gesi ya kutoa machozi, na baadhi ya mama hao wakavua nguo mbele ya askari. Nani asiyejua uzito wa laana hiyo? Baadaye walihamia katika kanisa la All Saints, wakaendelea kungoja. Januari 1993, baada ya uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu miaka ya sitini, serikali iliondoa mashtaka ya uhaini. Watu walikaa ndani miaka zaidi ya miwili, na kesi yenyewe haikuamuliwa kamwe.

Mirugi alirudi Nakuru akavaa joho lake tena. Haukupita muda mrefu kabla Koigi hajashtakiwa upya papo hapo Nakuru, akidaiwa kuongoza uvamizi wa kituo cha polisi cha Bahati. Miongoni mwa mawakili waliosimama kumtetea alikuwa Mirugi, mtu aliyekuwa amekaa naye kizimbani. Mwaka wa 1995 Koigi alihukumiwa kifungo cha miaka minne na viboko sita.

UPANDE WA PILI WA MEZA

Desemba 2002 muungano wa NARC uliiondoa KANU madarakani. Mirugi alichaguliwa mbunge wa Nakuru Mjini, na Koigi akachaguliwa kule Subukia. Washtakiwa wawili wa uhaini wakaapishwa waheshimiwa katika Bunge moja. Februari 2003 serikali mpya ilizifungua seli za Nyayo House ili umma uzione.

Sehemu inayofuata ndiyo inayonitatiza mimi. Rais Mwai Kibaki alimteua Mirugi kuwa Waziri Msaidizi katika Afisi ya Rais, akishughulikia usalama wa ndani. Fikiria, msomaji: polisi na machifu, vyombo vile vile vilivyomwandama, sasa vilikuwa chini ya wizara yake. Kuna waliosema aliyewahi kulala ndani ya maji hawezi kumruhusu askari kumtesa mwingine. Kuna waliosema kiti cha serikali hakijui historia ya anayekikalia.

Machi 2, 2006, polisi waliofunika nyuso walivamia gazeti la The Standard usiku, wakachoma nakala na kuzima mitambo ya KTN. Waziri aliyekuwa juu ya Mirugi, John Michuki, aliutetea uvamizi huo hadharani, akisema anayemchokoza nyoka awe tayari kuumwa. Mirugi alibaki serikalini. Siwezi kuyaficha hayo kwa sababu tu mtu amefariki, na sidhani yeye, aliyekuwa mpenda ushahidi, angetaka yafichwe. Ninachoweza kusema ni kwamba hakupewa muda wa kuonyesha angeishia wapi.

Kazi iliyompeleka mautini ilikuwa ya amani. Julai 2005 wavamizi waliingia Turbi, kaskazini mwa Marsabit, wakaua watu zaidi ya 50, wakiwemo watoto wa shule. Aprili 10, 2006, ndege ya jeshi la wanahewa ilibeba viongozi kwenda Marsabit kuwapatanisha Wagabra na Waborana. Mawingu yalikuwa yametanda. Ndege iligonga mlima karibu na mji na kushika moto. Kati ya watu 17 waliokuwa ndani, 14 walikufa. Mirugi alikufa pamoja na wabunge Bonaya Godana, Titus Ngoyoni, Abdi Sasura na Guracha Galgallo. Wanne hao walikuwa wa maeneo ya kaskazini yenye ugomvi. Yeye peke yake kati ya wabunge hao alitoka mbali, kwa sababu usalama ulikuwa kazi yake.

Julai 2010 Mahakama Kuu iliamuru watu 21 walioteswa Nyayo House walipwe fidia. Mirugi alikuwa kaburini miaka minne.

Katika uchaguzi mdogo wa Julai 2006 watu wa Nakuru Mjini walimchagua mwanawe, William Kariuki Mirugi, ashike kiti cha babake. Mwaka uliofuata, katika uchaguzi mkuu wa Desemba 2007, wakamwondoa na kumpa Lee Kinyanjui.