Jogoo Mkali Katika Lupango

Baba na mama wa Karavia, na ninyi wote mnaokaa katika vijiji vilivyo kando ya kazi ya mukuba, leo mimi mtoto wenu nataka kusema nanyi habari za jogoo mkali. Najua wengine watacheka. Mtoto akikimbizwa na jogoo, wakubwa huketi mlangoni wakamcheka, hata yeye akilia. Lakini angalieni vizuri. Jogoo akiruka hufika kimo cha uso wa mtoto wa miaka mitatu. Ana mdomo mkali, na nyuma ya mguu ana ule mfupa wenye ncha unaoitwa kipi. Jicho la mtoto laweza kupotea mara moja, na jicho lililopotea hakuna fundi wa kulirudisha.

Hata mtu mzima si salama sikuzote. Katika mwaka wa 2019 waganga wa Adelaide, katika nchi ya Australia, waliandika habari za mama mmoja wa miaka 76. Alikwenda kuokota mayai nyumbani kwake, jogoo akamdonoa mguuni. Mama huyo alikuwa na mishipa iliyovimba miguuni, kama wazee wengi walivyo nayo. Mdomo ukatoboa mshipa, damu ikatoka nyingi, akafa. Basi, ikiwa nyumbani kwako yuko nyanya mwenye mishipa ya namna hiyo, usimtume kuokota mayai mahali penye jogoo mkali.

Sasa tuulize, kwa nini jogoo ni mkali? Si mchawi, wala hakutumwa na jirani. Jogoo ana kazi yake, ndiyo ulinzi. Msikilize siku moja. Akiona mwewe juu hutoa sauti moja, na majike yote hukimbilia chini ya miti. Akiona mbwa au nguchiro anakuja chini hutoa sauti nyingine, na majike huinua vichwa na kutazama. Akipata mdudu, huita majike waje kula. Huyo ni mlinzi mwema. Shida ni hii, kwamba mlinzi huyu hajui kupambanua mwewe na mtoto wako. Kila kitu kinachokwenda upesi karibu na majike yake, kwake ni adui.

Tena kuku wana cheo kati yao. Bwana mmoja wa Norway, Schjelderup-Ebbe, alitazama kuku tangu utoto wake, akaandika habari zao miaka ya 1921 na 1922: kuku wa kwanza hudonoa wote, wa pili hudonoa wote ila wa kwanza, hivyo hivyo mpaka wa mwisho ambaye hudonolewa na wote. Jogoo kijana, akipata miezi sita hivi mpaka mwaka, nguvu za kiume zinamjaa mwilini, naye huanza kutafuta cheo chake. Hapo ndipo yule uliyemlea mkononi, mpole kabisa, anageuka. Mtu akimkimbia, jogoo hufahamu kwamba ameshinda, na kesho atajaribu tena. Mtu akimpiga teke, jogoo hufahamu kwamba huyu ni jogoo mwenzake, na vita ni halali. Kwa hiyo kukimbia ni vibaya, na teke ni vibaya pia. Vijana wanaomchokoza kwa fimbo ili wafurahi, hao ndio walimu wake wa ukali. Wakatazwe kwa nguvu.

Sisi watu wa Karavia tuna shida yetu wenyewe. Mji wa Lubumbashi ulianzishwa mwaka wa 1910 kwa sababu ya mukuba, nao umekua mpaka umetufikia. Katika kijiji cha zamani kuku walitembea mbali, jogoo na mtoto waliweza kupishana. Katika lupango yenye ukuta au seng’enge hawana pa kupishana. Jogoo yuko mlangoni, yuko kisimani, yuko penye choo. Tena baba hutoka asubuhi na nguo za nyumbani, hurudi jioni na kofia ya kazi na viatu vikubwa, na jogoo huweza kumdhania kuwa mtu mgeni. Msimcheke baba akirukiwa.

Basi tufanye nini? Kwanza hesabu kuku zako. Jogoo mmoja anatosha kwa majike nane mpaka kumi na mawili. Nimeona lupango zenye majike matano na majogoo manne. Hapo hakuna dawa! Majogoo watapigana, majike watatoka manyoya mgongoni kwa kupandwa kila saa, na kila mtu anayepita atapigwa. Uza watatu, au uwale. Na kama unataka mayai ya kula tu, ujue kwamba jike hutaga bila jogoo. Watu wengi hawakubali neno hili, lakini ni kweli. Mayai hayo hayataangua, basi, lakini kwa chakula ni sawasawa na mengine.

Akiwa amebaki mmoja naye ni mkali, jaribu kumfundisha kwa majuma mawili. Akija kwako ameshusha bawa moja na kutembea upande upande, hiyo ndiyo dalili. Simama. Usimpe mgongo. Shika kitunga au kifuniko cha sufuria mbele ya miguu yako, umsukume polepole bila kumpiga, uende mbele hatua kwa hatua mpaka yeye aondoke. Usiache mpaka ameondoka, maana ukirudi nyuma wewe, kazi yote imepotea. Usiku, akilala juu ya mti wake, macho yake hayaoni vizuri, naye hushikwa kwa urahisi. Mshike, ufunge mabawa yake chini ya kwapa, ukae naye mpaka atulie. Kwa jogoo kijana njia hii hufaa mara nyingi. Kwa jogoo mzee aliyekwisha kuzoea kushinda watu, mimi siitumaini sana.

Wakati wa mafundisho hayo, mtoto mdogo asiingie mahali alipo. Mfungie jogoo mahali pake, hata kwa vijiti na mabati ya zamani, saa za mchana watoto wanapocheza.

Kipi chaweza kupunguzwa ncha. Watu wawili wafanye, mmoja ashike, mwingine asugue ncha kwa tupa mpaka iwe butu. Usikate karibu na mguu, kwa maana ndani mna mfupa ulio hai na damu, naye ataumia na kutoka damu nyingi.

Mtu akichomwa, osha kidonda mara moja kwa maji mengi na sabuni. Kipi hutembea katika mavi na udongo, nacho huingia ndani sana na kuacha tundu dogo. Katika tundu la namna hiyo huweza kuingia ugonjwa wa pepopunda, unaokaza taya na mwili wote, na kuua. Mpeleke hospitali aulizwe habari za sindano zake. Jicho likipigwa, usitie dawa ya majani, usitie maziwa ya mama, usilisugue. Lifunike bila kulikandamiza, uende hospitali siku ile ile, hata ikiwa ni usiku.

Majuma mawili yakipita na jogoo bado anarukia watoto, mchinje. Najua ni mzuri, ana mkia mrefu, na majirani wamemsifu. Mchinje hata hivyo. Nyama yake ni ngumu, ipikwe kwa moto mdogo saa mbili au tatu, nayo yafaa sana kwa bukari na sombe. Wala usiweke mayai yaliyotokana naye chini ya jike alalie, kwa sababu ukali hurithiwa kwa sehemu, nawe utajipatia majogoo sita kama yeye.

Ukinunua mwingine sokoni, chagua aliyetulia mkononi mwa mwuzaji, ambaye hakudonoa mtu ulipomkaribia. Mweke peke yake majuma mawili, mbali na kuku zako, upate kuona kama hana kuhara, wala mafua, wala shingo iliyopinda. Ugonjwa wa Newcastle huingia hivyo, kwa kuku mmoja mgeni, na humaliza kuku wa lupango nzima. Akiwa mzima, umwingize usiku, umweke kando ya majike juu ya mti wao, wakute asubuhi wameamka pamoja.