Kufungua Tena Kambi na Masoko Wakati wa Kipindupindu



Karafuu haingoji. Tumba likiwiva hapana budi lichumwe kabla halijafumbua. Likikawia huwa ua, na mwisho wake ni mpeta, usio na thamani kubwa. Kwa hiyo kipindupindu kikizuka katika msimu na mikusanyiko ikazuiliwa, tunaoumia ni sote: mwenye shamba, mchumaji, na mama auzaye uji kambini. Lakini kufungua ovyo huleta msiba mkubwa zaidi. Yafaa tujue mapema la kufanya.

Mwaka 2016, maradhi haya yaliposhika visiwani mwetu, skuli zilifungwa, na kuuza vyakula na vinywaji barabarani kukapigwa marufuku. Sababu ya amri kama hizo ni hii: vijidudu vya kipindupindu hutoka katika kinyesi, vikaingia kinywani kwa maji, chakula au mikono. Aliyeambukizwa huanza kuharisha baina ya saa 12 na siku 5. Wengi hawaugui kabisa, na hata hivyo hutoa vijidudu kwa siku 1 hadi 10. Basi mchumaji aliyefika kambini mzima wa afya aweza kuwa nayo, na kumtazama usoni hakutuambii kitu. La kutazamwa ni mahali penyewe.

Kwanza, maji. Ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote kwa dakika moja, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa. Yawekwe katika chombo chenye kifuniko na bomba. Kata ya kuchota kwa zamu iondolewe, maana mkono mmoja mchafu huharibu mtungi mzima.

Pili, choo. Kambi isiyo na choo isifunguliwe. Kiwe mbali na kisima, si chini ya mita 30, na upande wa chini wa mteremko. Karibu nacho pawe na maji ya kutiririka na sabuni. Sabuni ikikosekana, jivu hufaa.

Tatu, chakula. Kiive sawasawa, kifunikwe, na kiliwe kingali moto. Matunda yamenywe na mlaji mwenyewe. Barafu na sharubati za maji yasiyochemshwa zisiuzwe. Anayeharisha asipike wala asipakue.

Nne, mgonjwa. Mtu akianza kuharisha majimaji, apewe mara moja maji ya chumvi na sukari: pakiti ya dawa kwa kipimo chake, au katika lita 1 ya maji safi vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Apelekwe kituo cha afya huku akinywa njiani. Na alipwe pishi zote alizokwisha kuchuma. Mchumaji anayeogopa kupoteza ujira wake atauficha ugonjwa, na kambi nzima italipa.

Ruhusa ya kufungua ni ya maofisa wa afya. Tuwasikilize wao na sheha. Kwa maoni yetu, inafaa vitangulie vituo vya kuuzia karafuu, ambapo watu hupita na kwenda zao. Kisha masoko, kisha mikahawa. Karamu za harusi na hitima, ambapo wengi hula kwa mkono katika sinia moja, zije mwisho. Hata wagonjwa wakiisha, tusilegeze: wataalamu hawahesabu kuwa mlipuko umekwisha mpaka zipite wiki nne bila kupatikana mgonjwa mpya kwa vipimo.

Chanjo nayo husaidia. Mwaka 2009 chanjo ya kunywa ilitolewa katika shehia sita za Unguja na Pemba, na waliopata dozi mbili walikingwa kwa asilimia 79 katika miezi 14 iliyofuata. Ikiletwa tena, tujitokeze; ila haishiki nafasi ya maji safi.

Twamwomba kila mwanachama mwenye kambi achimbe choo na kuweka matangi kabla ya msimu. Gharama yake ni ndogo kuliko ya shamba zima lililogeuka mpeta, na haina kipimo mbele ya roho ya mtu.