SOMO LA REDIO: MTANDAO WA KIZAZI CHA TANO UTAFIKA LINI KWETU?

Ninyi mlio darasani Karatu, Rhotia, Endabash na Mang'ola, na ninyi wa Endulen na Nainokanoka kule Ngorongoro, kaeni vizuri. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya manne: mnara, mawimbi, mkongo, mtaji. Wanafunzi, yasomeni pamoja kwa sauti. Vema.

Leo twataka kujibu swali ambalo watu wengi huuliza. Mtandao mpya wa simu, huu uitwao kizazi cha tano au 5G, utafika kwetu lini? Na ukifika, utamfaa nani?

Kwanza tuelewe neno "kizazi". Mitambo ya simu za mkononi imebadilika mara kadhaa, na kila badiliko kubwa huitwa kizazi. Kizazi cha kwanza kilianza Japani mwaka 1979, nacho kilibeba sauti tu. Cha pili kilianza Finland mwaka 1991, kikaleta na ujumbe mfupi wa maandishi. Cha tatu kilianza Japani mwaka 2001, watu wakapata intaneti ya haraka zaidi katika simu. Cha nne kilianza Sweden na Norwei mwaka 2009. Cha tano kilianza Korea ya Kusini na Marekani mwaka 2019. Hapa Tanzania, kampuni ya Vodacom ilianza kutoa huduma ya kizazi cha tano Septemba 2022, na Airtel ikafuata mwaka 2023. Kizazi cha sita chatazamiwa karibu na mwaka 2030.

Basi mwaona kwamba kila baada ya miaka kumi hivi huzaliwa kizazi kipya. Lakini angalieni jambo moja: mtoto akizaliwa, baba hafi siku hiyo. Kizazi cha pili, cha tatu na cha nne bado vinafanya kazi.

Sasa kila mwenye simu aitoe. Tazama juu ya kioo, karibu na vile vijistari vya nguvu ya mtandao. Waona herufi gani? Ukiona E, hapo ulipo simu yako yatumia kizazi cha pili. Ukiona H au 3G, ni cha tatu. Ukiona 4G au LTE, ni cha nne. Ukiona 5G, ni cha tano. Andika ulichokiona katika daftari lako. Kesho andika tena ukiwa shambani, na kesho kutwa ukiwa sokoni. Huo ndio ushahidi wako, si maneno ya mtangazaji wala ya mwuza simu.

Kwa nini herufi hubadilika toka mahali hadi mahali? Sababu ni mawimbi. Simu huongea na mnara kwa mawimbi ya redio ambayo hatuyaoni. Fikirini ngoma za arusi. Ngoma kubwa yenye sauti nzito husikika hata ng'ambo ya kilima. Ngoma ndogo yenye sauti nyembamba husikika kwa walio karibu tu. Mawimbi nayo ni hivyo hivyo. Mawimbi ya chini huenda mbali, lakini hubeba mzigo mdogo. Mawimbi ya juu hubeba mzigo mkubwa, lakini huchoka upesi, na ukuta au mlima huyazuia. Kizazi cha tano chaweza kutumia aina zote mbili, ila kasi yake kubwa hutoka katika mawimbi ya juu. Kwa hiyo huhitaji minara mingi iliyo karibu karibu.

Tazameni sasa nchi yetu ilivyo. Barabara ya lami yatoka Makuyuni, yapita Mto wa Mbu, yapanda ukuta wa Bonde la Ufa, yafika Karatu, kisha yaenda hadi lango la Ngorongoro. Ukingo wa kreta uko juu kiasi cha mita 2,300 kutoka usawa wa bahari, na sakafu yake iko chini ya ukingo kwa mita 600 hivi. Mawimbi hayapiti katikati ya mlima. Aidha, katika eneo la hifadhi hakuna anayejenga mnara bila kibali cha wenye mamlaka.

Sasa tufike kwenye neno la mwisho la ubaoni: mtaji. Mnara hauoti kama uyoga. Mwenye kampuni hununua chuma na mitambo. Hulipia umeme, na pasipo umeme huweka mitambo ya jua au jenereta ya dizeli. Tena, mnara wa kizazi cha tano wafaa uunganishwe na mkongo, yaani waya wa kioo ubebao habari nyingi, la sivyo utakuwa kama bomba pana lililofungwa kwenye mpira mwembamba. Hata mawimbi yenyewe hulipiwa, kwa kuwa ni mali ya taifa. Katika mnada wa Oktoba 2022, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliuza haki ya kutumia mawimbi kwa kiasi cha dola milioni 187 za Marekani.

Mtu aliyetumia fedha hizo zote huuliza: zitarudi kwa njia gani? Mjini Karatu kuna maduka, benki, hoteli na wageni waendao kreta. Wateja ni wengi, nao wako pamoja. Kule malishoni, boma moja liko mbali na jingine. Basi mfanya biashara hutangulia mjini, naye huchelewa kufika bondeni.

Je, watu wa mbali wameachwa? La. Sheria ya mwaka 2006 iliunda Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Mfuko huu huyapa makampuni ruzuku ili yajenge mahali ambapo faida ni ndogo. Mwezi Mei 2023, huko Dodoma, ilitiwa saini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 za nchi yetu.

Hata hivyo mnara peke yake hautoshi. Katika Afrika kusini ya Sahara, watu wanaoishi penye mtandao wa intaneti lakini hawautumii ni wengi kuliko wale ambao mtandao haujawafikia. Sababu kubwa ni mbili: bei ya simu, na kutojua kusoma na kutumia chombo chenyewe. Ndugu zangu, sababu hiyo ya pili ndiyo tunayoishughulikia darasani humu.

Tuseme mkulima wa Mang'ola ana magunia thelathini ya vitunguu. Mnunuzi amsimamia shambani na kumtajia bei. Mkulima ajuaye kusoma aweza kuuliza Arusha kwa ujumbe, akapata bei mbili au tatu kabla ya kukubali. Kwa kazi hiyo hahitaji kizazi cha tano. Cha pili chamtosha. Akitaka kutuma picha ya vitunguu vyake, cha nne chamtosha sana. Basi usiuze mbuzi kununua simu ya 5G kama mahali pako hapana 5G. Simu hiyo itafanya kazi ya 4G tu, nawe utakuwa umelipia usichokipata.

Na kampuni ikija kijijini kutaka kiwanja cha mnara, ulizeni katika mkutano: Mnara huu utatoa kizazi gani? Mkataba ni wa miaka mingapi? Kodi ya ardhi ni kiasi gani, itaongezwa lini, na italipwa kwa nani? Mnara ukiondolewa, nani atasafisha kiwanja? Someni karatasi yote kabla ya kutia saini. Kidole gumba hakiwezi kusoma.

Maswali ya kujadiliana:

1. Kwa nini mtandao mpya hutangulia mjini?
2. Mahali petu pana kizazi gani? Linganisheni madaftari yenu.
3. Kijiji chetu kina haja gani zaidi: mnara mpya, simu za bei nafuu, au watu wajuao kusoma? Toeni sababu.

Kwaherini, ndugu wanafunzi, hadi somo lijalo.