Maumivu ya Nyonga Bandia Yasipuuzwe

Tangu Novemba 1962, John Charnley alipoanza kuweka nyonga bandia za chuma na plastiki ngumu katika hospitali ya Wrightington, Uingereza, watu wengi waliokuwa hawajiwezi wamerudi kutembea. Hapa nchini upasuaji huo hufanywa katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI). Neema hiyo twaisifu. Hata hivyo, iko hatari ambayo haina budi kuzungumzwa.

Katika kila wagonjwa 100, yapata mmoja au wawili huingiwa na vijidudu vinavyojificha kando ya chuma. Mgonjwa huenda asiwe na homa wala usaha, bali maumivu tu. Na maumivu hayo hayo huletwa pia na nyonga iliyolegea bila maambukizo. Tofauti hii si ndogo. Nyonga iliyolegea tu hubadilishwa kwa upasuaji mmoja. Iliyoambukizwa mara nyingi hutolewa, mahali pake pakasafishwa, mgonjwa akatumia dawa kwa wiki kadhaa, ndipo awekewe nyingine. Daktari akikosea kutambua, mgonjwa hupasuliwa bure.

Je, picha zaweza kutegua kitendawili hiki? Kwa sehemu tu. Eksirei ni rahisi, nayo ndiyo ya kwanza kupigwa. Huonyesha mfupa ulioliwa na kiungo kilichohama, lakini yaweza kuwa safi ilhali ugonjwa umo. Picha ya mifupa ipigwayo baada ya kudungwa teknetiamu, dawa yenye mionzi, huona mapema zaidi. Ikiwa shwari, hutuliza moyo. Lakini mfupa uliofanyiwa upasuaji waweza kung'aa kwa mwaka mzima au zaidi pasipo maambukizo yoyote.

Iliyo makini zaidi ni kutoa chembechembe nyeupe za damu ya mgonjwa, kuzitia alama ya mionzi na kuzirudisha mwilini, kisha kutazama zimekusanyika wapi. Kwa kuwa hukusanyika pia katika uboho wenye afya, hupigwa picha ya pili ya uboho ili kulinganisha. Kazi hiyo yataka mashine na wataalamu ambao hospitali nyingi hazina.

Lakini kukosa mashine si kukosa la kufanya. Vipimo vya damu, na maji ya kiungo yaliyovutwa kwa sindano na kuoteshwa maabara, ndivyo vinavyoweza kumtaja adui kwa jina. Kwa sababu hiyo twapinga desturi ya kumpa antibiotiki kila mwenye maumivu kabla maji hayo hayajavutwa, isipokuwa maisha yake yamo hatarini. Dawa hizo huvipumbaza vijidudu bila kuvimaliza, na maabara ikatoka mikono mitupu.

Twawasihi waliowekewa nyonga bandia wasivumilie maumivu mapya nyumbani, wala wasijinunulie dawa dukani, bali warudi kwa waliowapasua. Nao madaktari wasitosheke na picha moja. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.