Kabla ya damu ya mwanao, mashine hupimwa kwanza

Umefika maabara saa moja asubuhi. Mtoto hajanywa chai, na benchi limeshajaa watu. Mtaalamu anatoka na kusema, "Subirini kidogo, mashine haijapita kipimo cha asubuhi." Wengi hunung'unika, na wengine huamua kwenda maabara ya jirani. Kabla hujaondoka, ni vizuri ujue mtaalamu huyo anakulinda na nini.

Ukinunua unga dukani, unaiamini mizani kwa sababu imelinganishwa na jiwe ambalo uzito wake unajulikana. Maabara nayo ina jiwe lake, linaloitwa sampuli ya udhibiti. Hiki ni kimiminika kilichotengenezwa kifanane na damu ya binadamu, na kiwango chake kinajulikana. Hupimwa kabla ya wagonjwa kuanza kuhudumiwa. Kwa kawaida hutumika sampuli mbili au zaidi, moja ya kiwango cha kawaida na nyingine ya juu au ya chini, kwa sababu mashine inaweza kusoma vizuri huku na kukosea kule.

Namba hazifanani kila siku

Tuchukue mfano wa sukari. Sampuli ya udhibiti ina wastani wa 5.5. Leo mashine inasoma 5.4, kesho 5.7. Hilo ni jambo la kawaida, kwani hakuna kipimo kinachotoa namba ileile kila mara. Swali ni je, namba ikipanda au kushuka kwa kiasi gani tuwe na wasiwasi?

Ili kulijibu, maabara hupima sampuli hiyohiyo kwa siku nyingi, aghalabu mara 20 au zaidi, kisha hukokotoa wastani na kiasi cha kawaida cha kupanda na kushuka. Wanatakwimu hukiita mkengeuko sanifu; sisi tukiite "hatua". Tuseme hatua moja ni 0.2. Mashine ikiwa nzima, majibu kama 95 kati ya 100 yataangukia ndani ya hatua mbili, yaani kati ya 5.1 na 5.9. Karibu yote, kama 997 kati ya 1,000, yatakuwa ndani ya hatua tatu, yaani kati ya 4.9 na 6.1.

Kila asubuhi mtaalamu huweka nukta ya jibu la siku hiyo kwenye chati. Chati za namna hii zilianzia viwandani, zikibuniwa na Mmarekani Walter Shewhart mwaka 1924. Mwaka 1950 Levey na Jennings walizipeleka kwenye maabara za hospitali, na mwaka 1981 James Westgard na wenzake wakachapisha kanuni za kuzisoma ambazo zinatumika hadi leo. Baadhi yake ni hizi:

- Nukta moja ikivuka hatua tatu, majibu ya wagonjwa yanazuiwa.
- Nukta moja ikivuka hatua mbili, ni onyo. Jambo hilo hutokea kama mara 1 kati ya 20 hata mashine ikiwa nzima, hivyo mtaalamu huchunguza zaidi kabla ya kuamua.
- Nukta mbili mfululizo zikivuka hatua mbili upande uleule, kazi inasimama.
- Nukta kumi mfululizo zikiwa upande mmoja wa wastani, hata kama hakuna iliyovuka mpaka, mashine imeanza kuegemea. Ni kama mizani inayozidisha gramu 50 kwa kila kilo.

Kanuni zikivunjwa, kuna kishawishi cha kurudia kupima mpaka namba ipendeze. Huko ni kujidanganya. Maabara makini hutafuta chanzo: je, vitendanishi vimeisha muda au vimekaa kwenye joto? Umeme umeyumba? Kasoro ikirekebishwa, sampuli ya udhibiti hupimwa upya, na majibu ya wagonjwa yaliyotoka tangu kipimo cha mwisho kilichopita hukaguliwa.

Kwa nini jambo hili ni zito

Fikiria mtoto mwenye malaria kali aliyepungukiwa damu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaelekeza aongezewe damu himoglobini ikiwa chini ya gramu 4 kwa desilita, au ikiwa kati ya 4 na 6 pamoja na dalili za hatari kama kupumua kwa shida. Mashine iliyoegemea juu kwa gramu moja itamwonyesha mtoto mwenye 3.6 kuwa ana 4.6. Daktari humtazama mtoto pia, lakini namba hiyo inaweza kuchelewesha uamuzi. Ikiegemea chini, mtoto mwingine ataongezewa damu asiyoihitaji.

Chati haioni kila kitu

Sampuli ya udhibiti huikagua mashine na vitendanishi. Haiwezi kujua kama damu ni ya mwanao au ya mtoto wa jirani kwenye foleni. Kwa hiyo hakikisha jina linaandikwa kwenye chupa mbele yako. Vilevile, damu iliyokaa kwenye chupa ya kawaida katika joto la chumba bila kutenganishwa hupoteza sukari kwa takriban asilimia 5 hadi 7 kila saa. Sampuli isicheleweshwe njiani.

Una haki ya kuuliza kwa upole, "Vipimo vya udhibiti vya leo vimepita?" Uliza pia kama maabara imesajiliwa, na kama hupokea sampuli za majaribio kutoka nje ili kulinganisha majibu yake na ya maabara nyingine. Kama unafuatilia kipimo kwa miezi, jitahidi kupimia sehemu ileile, maana mashine tofauti zinaweza kutofautiana kidogo.

Wenye mashine za sukari nyumbani nao wana maji maalumu ya udhibiti kwa ajili ya mashine zao, ulizia famasi. Yatumie unapofungua kopo jipya la vijiti, mashine inapoanguka, au namba isipolingana na hali yako. Nawa mikono na uikaushe kabla ya kujitoboa, kwani utomvu wa embe kidoleni unatosha kupandisha namba.

Jibu lisipofanana na hali ya mgonjwa, mwambie daktari na uombe kipimo kirudiwe. Usibadilishe dozi mwenyewe. Na mtoto anayehema kwa shida, aliyelegea au aliyepauka viganja apelekwe kwa daktari mara moja, hata kama jibu la maabara halijatoka.