Mwimbie mwanao, kisha msomee

Wazazi wengi hudhani kwamba mtoto asiyejua kusema hana haja na kitabu. Hilo ni kosa. Mtoto huanza kusikia akiwa tumboni, na mwaka wa 2014 chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilishauri asomewe tangu uchanga.

Wimbo huyakata maneno silabi kwa silabi na kuyarudia, naye huzizoea sauti atakazozisoma baadaye. Kitabu nacho humpa maneno asiyoyasikia jikoni wala sokoni. Mwimbie, kisha msomee, hata dakika 10 kabla ya kulala, kwa lugha uijuayo vyema. Redio pekee haitoshi, kwani haimjibu.

Akitimiza miaka 2 bila kuunganisha maneno mawili, usingoje. Mpeleke hospitalini akapimwe masikio.